Dutu Safi au Mchanganyiko? Namna ya Kuamua, na Kipimo cha Kuamini Ukiwa Nairobi

Weka vitu viwili mezani: glasi ya maji yenye vipande vya barafu, na kufuli la shaba ya njano. Kisha mwulize mwanafunzi wa Gredi ya 7 kipi kati ya hivyo ni mchanganyiko. Wengi watakimbilia glasi, kwa kuwa macho yanaona vitu viwili mle ndani, kigumu kinachoelea na kimiminika kinachokibeba. Kufuli lina rangi moja kote, basi wanaliita dutu safi.

Jibu ni kinyume chake. Ikiwa maji yale yamekenekwa, yaani yalichemshwa na mvuke wake ukakusanywa na kupozwa, glasi ina dutu moja iliyo katika hali mbili. Kufuli ndilo mchanganyiko: ni shaba nyekundu na zinki zilizoyeyushwa pamoja, na hakuna jicho litakaloona mpaka kati yao.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ambayo wanafunzi hutegemea, ya kitu kuonekana kimoja au viwili, haifai kuamulia. Inakufaa baadaye, ukishajua kitu ni mchanganyiko na unataka kusema kama ni wa sare, yaani uliofanana kote (chai iliyochujwa, hewa, kufuli letu) au usio wa sare (githeri, mchanga wa mjengo, maji ya mto wakati wa masika). Kuitanguliza ndiko kunakopoteza alama.

Swali moja linaloamua

Jiulize hivi: je, viungo vya kitu hiki vingeweza kuwa katika uwiano tofauti, na bado tukakiita kwa jina lile lile?

Maji hayana nafasi hiyo. Katika kila gramu 9 za maji, gramu 1 ni haidrojeni na gramu 8 ni oksijeni. Mvua ya Ngong, barafu ya Mlima Kenya na jasho la makanga zina maji ya uwiano huo huo. Ukiubadilisha hupati maji ya aina nyingine. Unapata kitu kingine kabisa: gramu 1 ya haidrojeni kwa gramu 16 za oksijeni ni peroksaidi ya haidrojeni, ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu.

Shaba ya njano ina uhuru wote. Ya aina moja ina zinki asilimia 30, ya aina nyingine inakaribia 40, na mfua vyuma anaiita shaba ya njano vivyo hivyo. Palipo na uhuru huo, pana mchanganyiko.

Wakemia wenyewe waligombana juu ya jambo hili. Mwaka 1799 Mfaransa Joseph Proust, aliyekuwa akifanya kazi Uhispania, alionyesha kwamba kaboneti ya shaba ina uwiano ule ule wa uzito, iwe imechimbwa ardhini au imetengenezwa maabara. Claude Louis Berthollet, mkemia mkubwa kuliko yeye kwa sifa wakati huo, alimpinga kwa miaka kadhaa. Miongoni mwa mifano aliyoitoa Berthollet mlikuwa na aloi (metali zilizoyeyushwa pamoja, kama kufuli letu) na myeyusho, yaani vitu ambavyo leo tunaviweka upande wa pili wa mstari, ule wa michanganyiko. Mstari wenyewe ulichorwa katika ubishi ule. Kwa hiyo mwanafunzi anayechanganya aloi na kampaundi asidharauliwe.

Upande wa dutu safi una vyumba viwili. Elementi ina atomu za aina moja tu: dhahabu, salfa, oksijeni. Kampaundi ina atomu za aina mbili au zaidi zilizoungana kwa uwiano maalumu: maji, sukari, chumvi. Kosa la kawaida hapa ni kudhani kwamba kampaundi, kwa kuwa ina elementi kadhaa, ni mchanganyiko wa elementi hizo. Jaribio la chuma na salfa ndilo linaloliua kosa hilo vizuri kuliko maelezo yoyote, nami nitalieleza baada ya jedwali hili fupi.

| | Dutu safi | Mchanganyiko |
|---|---|---|
| Uwiano wa viungo | haubadiliki | unabadilika |
| Tabia za viungo | katika kampaundi, hupotea | kwa kiasi kikubwa hubaki |
| Kuchemka na kuyeyuka | joto husimama hadi kazi iishe | kwa kawaida joto huendelea kupanda |
| Kutenganisha | kampaundi huvunjwa kwa mmenyuko wa kikemia tu | kuchuja, kuvukiza, kukeneka, sumaku |

Chuma na salfa: vitu vile vile, majibu mawili

Pima gramu 7 za unga wa chuma na gramu 4 za salfa. Zikoroge. Unapata unga wa kijivu uliochanganyika na manjano, na ukipitisha sumaku juu yake, chuma kinaruka na kuiacha salfa chini. Ungeweza kutumia gramu 5 za salfa, au 20, na usingeona tofauti ya maana. Huo ni mchanganyiko.

Sasa utie unga huo kwenye neli ya kupashia moto na uipashe sehemu ya chini. Ukishaanza kung'aa mwekundu, ondoa moto: mng'ao unaendelea kupanda wenyewe, kwa maana mmenyuko unatoa joto lake. Kinachobaki ni bonge jeusi la salfaidi ya chuma ambalo sumaku haina habari nalo. Dondoshea asidi hafifu tone moja moja na tofauti inakufuata puani. Ule unga wa kwanza, kutokana na chuma chake, ulikuwa unatoa haidrojeni isiyo na harufu. Bonge hili linatoa gesi ya mayai viza, ambayo ni sumu, kwa hiyo fungua madirisha.

Uwiano wa 7 kwa 4 ndio unaoshikika vizuri kwenye kampaundi hii. Ukizidisha chuma, ziada inabaki chuma, na sumaku itaivuta kutoka kwenye bonge. Walimu wengine hulalamika kwamba jaribio limekataa. Halijakataa, linaonyesha kwamba kampaundi huchukua kiasi chake na kukuachia kilichozidi, jambo ambalo ule unga wa kwanza haukulifanya.

Maji ya Nairobi, na kwa nini kuyachemsha hakutoshi kuyapima

Maji ndiyo mfano wenye faida zaidi kwa mkazi wa jiji hili, kwa sababu tunayanunua kwa majina manne na kwa bei nne, na kila jina ni jibu tofauti la swali letu.

Maji ya mfereji hutoka kwa sehemu kubwa katika bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mengine Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Kabla hayajafika kwako hutiwa shabu ili tope ligande na kutuama, huchujwa, kisha hutiwa klorini. Kuchuja huondoa kisichoyeyuka. Madini yaliyoyeyuka hupita kwenye chujio bila wasiwasi, na ndiyo yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ni mchanganyiko.

Maji ya kisima kirefu, ambayo mitaa mingi huyategemea mgao unapokatika, ni mchanganyiko mzito zaidi. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi kuliko kiwango kinachokubalika cha miligramu 1.5 kwa lita, na floraidi ikizidi ndiyo inayowatia watoto meno ya kahawia. Hapa kemia inagongana na desturi ya nyumbani. Kuchemsha kunaua viini vya magonjwa, lakini hakuondoi floraidi hata kidogo. Maji yanatoka kama mvuke, floraidi inabaki sufuriani, na kilichobaki kinakuwa kikali zaidi kuliko mwanzo.

Maji ya chupa yana orodha ya madini kwenye lebo yake. Lebo hiyo inatosha kukujibu. Maji ya betri, yale yanayouzwa vituo vya petroli, yamekenekwa au yameondolewa ayoni (chembe zenye chaji za madini yaliyoyeyuka), na katika manne haya ndiyo pekee ninayoyaweka upande wa dutu safi. Ukitia maji ya mfereji kwenye betri ya gari, madini yake huharibu bamba za ndani polepole. Ya kunywa, chagua mchanganyiko uliotibiwa. Ya betri, chagua dutu safi. Hakuna lililo bora kwa kila kazi.

Sasa upimaji. Vitabu vinasema maji safi huchemka kwenye nyuzijoto 100, na mwanafunzi mwangalifu wa Nairobi anayepima maji yaliyokenekwa anakuta kipimajoto kimesimama kati ya 94 na 95. Anaandika kuwa maji yana uchafu. Maskini, amepima sawasawa. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kidogo, na maji huchemka mapema. Mwenzake wa Mombasa atapata 100.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo. Ili kupandisha kiwango cha kuchemka cha maji kwa nyuzi 1, unahitaji takriban gramu 58 za chumvi katika kila lita. Madini ya mfereji hayafikii hata gramu moja kwa lita. Kwa hiyo kipimajoto cha shule hakiwezi kabisa kutofautisha maji ya mfereji na maji ya betri; yote mawili yatasimama pale pale. Anayetumia kuchemka kuyatenganisha anapoteza gesi.

Kipimo kipi kwa kitu kipi

Kwa vimiminika vinavyoshukiwa kuwa na kitu kigumu kilichoyeyuka, vukiza. Matone machache kwenye kioo safi juu ya moto mdogo yanatosha: doa jeupe likibaki, umepata mchanganyiko. Ni kipimo cha bei rahisi, na kinaona kile ambacho kipimajoto hakikioni.

Lakini kuvukiza kunadanganywa na vitu ambavyo navyo huruka kama mvuke. Maji yaliyotiwa spiriti hayaachi doa lolote. Hapo ndipo kuchemka kunapata kazi yake, na kanuni yangu kwa Nairobi ni hii: usiangalie kipimajoto kinasoma ngapi, angalia kama kinasimama. Dutu safi hushikilia joto moja tangu kuanza kuchemka hadi inapokaribia kwisha. Maji na spiriti huanza chini, kisha hupanda na kupanda kadiri spiriti inavyotangulia kuondoka. Mwinuko wa jiji unashusha namba, haubadilishi umbo la grafu.

Kwa vigumu, kuyeyuka ni bora kuliko yote. Mwinuko hauathiri kiwango cha kuyeyuka kwa kiasi ambacho shule inaweza kukiona, kwa hiyo namba ya kitabuni na ya Nairobi hulingana. Naftalini, ile ya vidonge vya kuwekwa kabatini, huyeyuka kwenye nyuzijoto 80 na kusimama hapo. Nta ya mshumaa hulainika, hulegea, hutiririka, na huwezi kusema ilianza lini kuyeyuka. Ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, yaani kampaundi za haidrojeni na kaboni. Kiweke kipimo hiki mbali na sukari, ambayo huungua na kuwa kahawia kabla hujasoma chochote cha maana.

Rangi na wino vina njia yake, kromatografia. Chora nukta ya kalamu nyeusi ya maji kwenye ukanda wa karatasi ya kuchujia, chovya ncha ya karatasi, na utaona weusi ule ukigawanyika kuwa buluu, njano na waridi. Wino wa kalamu ya kawaida ya kuandikia haupandi kwa maji, tumia spiriti.

Jikoni na barabarani

Gesi ya mtungi ni propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu nusu nyuzi chini ya sifuri. Propani inatangulia kutoka, na mtungi unapokaribia kwisha kilichobaki ni butani kwa wingi. Baridi ya Julai ikishafika, butani inavukiza kivivu na moto unanyong'onyea ingawa mtungi ukitikiswa unasikika una kitu. Uwiano uliobadilika ndani ya chombo kilichofungwa: dutu safi haiwezi kukufanyia hivyo.

Mafuta taa na dizeli yote ni michanganyiko, na yakichanganywa pamoja hutoa mchanganyiko wa sare ambao jicho haliuoni. Kwa kuwa hata dizeli halali haina kiwango kimoja cha kuchemka, hakuna namba moja utakayoishika useme imechakachuliwa. Ndiyo sababu ya kuwekwa kwa alama maalumu za kikemia kwenye mafuta, na ndiyo sababu mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili bei yake isiwe kishawishi. Kuchanganya dutu safi na kitu kingine kunaacha ushahidi. Kuchanganya mchanganyiko na mchanganyiko unaofanana nao ni jambo gumu zaidi kulikamata.

Maziwa yanaingia hapa pia. Kwa asilimia 87 hivi ni maji, yaliyobaki ni mafuta, protini, sukari ya maziwa na madini, na uwiano hubadilika kwa ng'ombe, kwa malisho na kwa msimu. Ni mchanganyiko hata kabla muuzaji hajaongeza tone. Kipima densiti cha maziwa, ambacho hutarajia kusoma kati ya 1.028 na 1.032, hakiulizi kama maziwa ni dutu safi. Kinauliza kama uwiano umepita mipaka ya kawaida.

Mengine kwa haraka. Hewa: mchanganyiko, naitrojeni 78 na oksijeni 21 kwa mia, kidogo argoni. Oksijeni ya mtungi wa hospitali: elementi, kwa kadiri ya usafi uliotajwa. Dhahabu ya karati 24: elementi; ya karati 18 ina dhahabu robo tatu tu, kwa hiyo ni aloi, mchanganyiko. Sukari nyeupe: kampaundi kwa hesabu ya darasani. Sukari ya kahawia: mchanganyiko, ina masazo ya molasi. Chumvi ya pakiti: kitabu kinasema kampaundi, lakini chumvi ya Kenya hutiwa madini ya joto kwa mujibu wa sheria, na mara nyingi na kitu cha kuizuia isigande. Mtahini akiandika "kloridi ya sodiamu", jibu ni kampaundi. Akiandika "chumvi ya mezani", mimi ningejibu mchanganyiko na kutoa sababu.

Vigeugeu viwili

Cha kwanza ni spiriti. Ukikeneka maji na ethanoli, ile alkoholi ya vileo, unaongeza ukali hadi ethanoli ifike takriban asilimia 95.6 kwa uzito, kisha inagoma. Kwenye usawa wa bahari kimiminika hicho huchemka kwenye nyuzijoto 78.2 na kusimama pale kama dutu safi, ilhali kina maji ndani. Hiki ndicho kisa kinachonifanya niseme kuchemka ni ushahidi, si hukumu. Badilisha kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, na uwiano huo unasogea; wa kampaundi usingesogea. Anayepika chang'aa hafiki huko, na hatari yake ni nyingine: methanoli, alkoholi yenye sumu, huchemka kwenye nyuzijoto 64.7, karibu mno na ethanoli kwa mtu asiye na kipimajoto, hivyo mtungi mmoja unaweza kuwa na zote mbili.

Cha pili ni magadi. Ziwa Magadi, kusini magharibi mwa Nairobi, lina trona, na ukisoma muundo wake unakuta majina matatu: kaboneti ya sodiamu, baikaboneti ya sodiamu na maji. Mwanafunzi akiona majina matatu anaandika mchanganyiko. Lakini vyote vimefungwa katika fuwele moja, kwa uwiano wa 1 kwa 1 kwa 2, na uwiano huo haubadiliki. Trona ni kampaundi. Kipande cha kijivu kinachouzwa sokoni cha kulainishia githeri ni hadithi nyingine: kina trona, kina chumvi, kina tope, na gunia hili halilingani na lile. Kiyeyushe kwenye maji, kichuje, na tope litabaki kwenye kitambaa. Swali likisema "trona", andika kampaundi. Likisema "magadi ya sokoni", andika mchanganyiko, na sababu yako ni lile tope.